Waliopiga Magoti Mkutanoni

Kasanga,
17 Julai 1994

Shemeji Fabiani,

Sisi huku wazima, ila upepo wa ziwa umenipa mafua na sauti imekuwa ya kiume. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya gunia la dagaa, maana kazi imenishinda.

Jana gari la Clemens lilipofika kupakia samaki, kabla hajazima injini alikuwa anapiga kelele, "Stefania yuko wapi? Aje asikie shemeji yake alivyowaliza watu Namwisi!" Akasimulia soko zima. Kwamba kwenye mkutano wa kijiji ulisimama bila karatasi. Kwamba ulieleza jinsi ng'ombe wa yule Msukuma, Masanja, walivyoyavunja matuta ya mdogo wangu Cornelia, na yeye na ugonjwa wake akashika jembe kuyarudia kwenye mvua mpaka mvua ikamwingia. Na kwamba ulipofika pale alipokata roho ulinyamaza, na bibi wawili wakapiga magoti pale pale kwenye vumbi.

Nililia mbele ya wateja, shemeji. Mmoja aliyekuwa anachagua samaki akaniambia, "Mama, machozi yanaingia kwenye migebuka." Nikamwambia anunue hivyo hivyo.

Kwa nini hukuniambia? Tangu tumzike ni miezi sita, na mimi sikujua kwamba ni ng'ombe. Nilikuwa najiuliza mambo mengi, mengine siwezi kuyaandika. Sasa nimejua, na kifua changu kimekuwa chepesi.

Clemens anasema tarehe 20 Agosti mtayarudia yale yale Matai mbele ya Katibu Tarafa, na akikubaliana na kijiji, Masanja na mifugo yake wataondolewa kabla ya mvua. Nitafunga kibanda, nitakuja, nitakaa benchi la mbele. Lakini siwezi kungoja mwezi mzima. Niandikie hotuba yote, neno kwa neno.

Nakutumia samaki kumi wakavu. Watatu wamevunjika vichwa, ni Clemens alikaa juu yao.

Mimi dada wa marehemu,
Stefania


Namwisi,
25 Julai 1994

Dada Stefania, shikamoo.

Samaki nimewapokea, nashukuru. Umeniomba hotuba neno kwa neno. Nitakuandikia, ila nakuomba uisome kama mtu anayechungulia ndani ya mtungi wa maji aliyokwisha kunywa, akaona kitu kinaelea.

Siku nne kabla ya mkutano, mwenyekiti wetu Beda alikuja nyumbani. Unamjua, hakai mpaka afute kiti. Akasema, "Katekista, sisi tukisema watu wanaangalia jua. Ukisema wewe wanavua kofia."

Nikamwuliza niseme nini.

"Sema habari ya mkeo. Si lazima useme yote. Sema panapouma."

Sababu yake unaijua. Tangu biashara ya mahindi iachiwe huru, kuna mnunuzi wa Milanzi anayekuja na malori yake, naye ameahidi kutuletea trekta kama tutalima ile mbuga ya kando ya mto. Na mbolea, tangu serikali iondoe mkono wake, tunaiona dukani tu, na mbuga haiitaki. Kwa hiyo kila mtu anaitaka mbuga, na mbugani ndiko Masanja anakolisha. Ningeweza kusimama nikasema hivyo: jamani, tunaitaka ardhi hii. Masanja angesimama akasema na yeye anaitaka. Watu wangebishana, na wangekuwa wamebishana juu ya kitu cha kweli.

Mimi nilikwenda kufanya mazoezi. Nyuma ya kanisa, kwenye mikaratusi, siku mbili mfululizo. Nilijaribu kusema "mke wangu", halafu nikajaribu "Cornelia wangu". Nikaona "Cornelia wangu" inakaa vizuri zaidi. Nikaichukua, kama mtu anayechagua shati la mtumba na kulipima kifuani.

Siku yenyewe nilianza kwa sauti ya chini ili wa nyuma wasogee. Walisogea. Nikasema, "Mnayajua matuta ya Cornelia wangu," na ni kweli walikuwa wanayajua. Hakuna mwanamke hapa aliyekuwa anafukia majani kama yeye na kuyainua matuta duara sawasawa, kama vyungu vilivyopangwa. Nikasema niliporudi kutoka semina ya makatekista mwezi wa kumi na mbili niliyakuta yamesagwa na kwato. Hilo nililiona kwa macho yangu. Nikasema nilimkuta kwenye mvua na jembe mkononi. Hilo pia nililiona, ila alikuwa amekaa chini, na ilikuwa manyunyu. Hapo nikafuta jicho la kushoto. Lilikuwa kavu, dada.

Halafu nikasema, "Mwezi mmoja baadaye tukampeleka Matai, na kule akakata roho."

Sasa sikiliza hapa. Ijumaa Kuu mimi ndiye ninayesoma Mateso, mwaka wa kumi na moja huu. Tunapofika pale Bwana anapokata roho msomaji ananyamaza, na kanisa zima linapiga magoti. Kuna namna ya kushusha sauti kabla ya hapo, ili hata aliyekuwa anasinzia ajue. Nilishusha sauti hiyo hiyo. Sikukusudia kwenye mikaratusi, lakini pale mbele ya watu ilikuja yenyewe nami nikaiacha ije. Bibi Leonia na jirani yake wakashuka wakapiga magoti. Miili yao iliisikia ile sauti ikajua la kufanya.

Na mimi niliwaona. Hapo ndipo ninapojitapika. Niliyaona magoti yao kwenye vumbi, na moyoni sikusema, Mungu wangu nimefanya nini. Nilisema, "Bado, ngoja kidogo." Nikangoja kama padre alivyonifundisha, nikihesabu mpaka saba.

Halafu makofi. Beda alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kura zote zilikuwa za kumwondoa Masanja.

Sasa nikuandikie ambayo sikuyasema. Nilisema "tukampeleka Matai". Aliyempeleka ni Masanja, kwa mkokoteni wake, amemtandikia majani na blanketi la mke wake Minza. Njia nzima alitembea mbele akiwashika ng'ombe pembe ili wasimrushe mgonjwa kwenye mashimo. Halafu mganga wa hospitali kule aliniambia moyo ulikuwa umechoka siku nyingi, zaidi ya mwaka. Aliniambia mimi, uso kwa uso, na nilipokuwa nasimama kwenye mkutano nilikuwa nalijua. Na Minza alikuwa analeta maziwa kila asubuhi tangu matuta yavunjwe mpaka siku ya msiba. Mimi nilikwenda kumfokea Masanja kwa ajili ya yale matuta, akainamisha kichwa akasema, "Nisamehe, mwalimu, ng'ombe ni ng'ombe." Yale maziwa nikayahesabu kuwa faini.

Masanja alikuwepo mkutanoni. Alikaa karibu na uzio, kofia magotini. Minza aliondoka kabla sijamaliza.

Jioni watu walileta kuku na ugali wa ulezi. Sikuweza kula. Mkono uliofuta jicho kavu ulikuwa kama mkono wa mtu mwingine, nilinawa mara mbili.

Unakumbuka Cornelia alivyokuwa anakaa kanisani, benchi la pili? Nikikaza sauti kwenye mahubiri, alikuwa anavuta ncha ya kitenge anafunika mdomo. Njiani ananiambia, "Leo Mungu alikuwa karibu, hukuhitaji kumpigia kelele." Halafu nyumbani ananipa ukoko wa ugali kwa sababu anajua naupenda. Siku ya mkutano hapakuwa na wa kufunika mdomo.

Usije Matai, dada. Sijui nitasema nini.

Shemeji yako,
Fabiani


Kasanga,
1 Agosti 1994

Fabiani,

Barua yako nimeisoma mara moja na sitaki kuisoma tena.

Unanikasirisha. Umetukuka mbele ya watu kwa jina la mke wako, na sasa unakaa unalichambua kama mtu anayetoa miiba ya samaki. Nani asiyefuta jicho akisema habari za msiba? Nani asiyechagua maneno? Mimi hapa sokoni nikiuza dagaa nasema ni wa jana, na ni wa juzi. Mbona naenda kanisani?

Umesema uliyaona matuta yamesagwa. Uliziona kwato. Basi ng'ombe waliingia. Basi Cornelia alishika jembe. Na mtu mwenye moyo uliochoka akishika jembe anakufa. Iko wapi hapo shida? Hata kama hukuyajua yote, ulisema kweli. Huo mkokoteni ni jambo jingine. Mtu akikuvunjia nyumba halafu akakusaidia kubeba vitanda, bado ameivunja nyumba.

Usiniondolee hili, shemeji. Hujui unaniondolea nini. Tangu mwezi wa kwanza nilikuwa nakaa vibaya, nikila nasikia mchanga. Ulipotoa hotuba ile nilipumua.

Nenda Matai. Vaa lile koti la kahawia, lipige pasi kwenye kola. Useme kama ulivyosema.

Stefania


Namwisi,
9 Agosti 1994

Dada, shikamoo.

Umekasirika, nami nastahili. Lakini kuna sentensi kwenye barua yako nimeirudia mara nyingi. Unasema sijui nakuondolea nini. Ni kweli sijui. Nisaidie kujua.

Beda alikuja tena jana, safari hii na daftari. Alikuwa ameandika hotuba yangu jinsi alivyoikumbuka na amepigia mstari sehemu. Akaniambia Matai watu watakuwa wengi, nije na jembe la marehemu niliinue juu. Na pale pa kukata roho nikae kimya zaidi.

"Ulikaa kidogo sana," akasema. "Wale bibi wawili walikuwa wameshafika chini, lakini wengine walikuwa bado wanafikiria."

Alisema hivyo, dada, akiwa anakunywa chai kwenye kikombe cha Cornelia kile chenye ua. Alisema kama fundi anayezungumza na fundi. Ndipo nilipojiona mimi ni nani kwake. Nikamwambia chai imekwisha. Haikuwa imekwisha.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Masanja. Minza alikuwa anapepeta mahindi nje, hakuinuka.

"Karibu, mwalimu. Leo umekuja na wapiga makofi wangapi?"

"Nimekuja peke yangu."

"Basi sema taratibu, hapa tuko wawili tu na mbwa, na mbwa hajui kupiga magoti."

Masanja akatoka ndani. "Minza, mwache mgeni akae." Akaniletea kigoda. Niliona wamekwisha kufunga mizigo, vyungu vimefungwa kwa kamba za katani.

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa ajili ya mkokoteni, kwamba niliuficha mbele ya watu. Akasema, "Mkokoteni hauna masikio." Akacheka kidogo. Mimi sikuweza.

Nikaendelea. Nikasema, "Lakini habari ya matuta, Masanja, ile tusifichane. Wewe mwenyewe ulikiri."

Hapo Minza akaweka ungo chini. "Alikiri nini?"

"Nyamaza, mama," Masanja akasema.

"Sinyamazi. Aliyeniomba ninyamaze ameshakufa, na huyu ameligeuza kaburi lake jukwaa." Akanitazama. "Mwalimu, wewe ni mtu wa kuandika. Andika barua kwa dada yake wa Kasanga. Mwulize nani aliwaita ng'ombe shambani."

Nikauliza maana yake nini. Masanja alitazama chini. Minza akarudi kwenye mahindi yake, nami nikaaga.

Dada Stefania, zimebaki siku kumi na moja. Nani aliwaita ng'ombe shambani?

Fabiani


Kasanga,
14 Agosti 1994

Shemeji,

Sikutaka kukuandikia. Nimeandika hii mara tatu, na mbili nimewashia jiko.

Mwaka jana mwezi wa kumi Cornelia alikuja hapa kuuza maharage. Wewe ulimpandisha gari mwenyewe. Kutoka kituoni mpaka kwangu alisimama mara nne, kila mara akisema anaangalia ziwa. Nikamwambia, "Ziwa gani unaliangalia umeligeuzia mgongo?" Akaanza kucheka, pumzi ikamkatika, akakaa chini barabarani na kapu lake.

Nyumbani nilimvua viatu. Nilibonyeza mguu kwa kidole, shimo likabaki. Nilikuwa na mama mkwe aliyekufa hivyo, nilijua ninachokiona. Nikasema kesho tunapanda gari, tunakwenda hospitali, na Fabiani anapelekewa habari. Akanishika mkono. Akasema ukijua hutakwenda semina, na semina hiyo umeingoja miaka minne. Akasema, "Mwache aende akajue maandiko yake. Akirudi nitamwambia." Niliahidi. Uliporudi, akaleta habari kwa mkono wa Clemens kwamba atakwambia baada ya kupalilia. Halafu baada ya Krismasi. Na mimi kila mara nikasema haya.

Sasa habari ya ng'ombe. Wewe ulikuwa semina, mvua zimeanza, na yale matuta lazima yavunjwe kwa jembe na kutawanywa ndipo ulezi upandwe. Hakuweza kuinua jembe. Angewaomba wanawake wenzake, wangejua anaumwa, na wewe ungejua siku hiyo hiyo. Akamwomba Minza. Masanja akapitisha ng'ombe juu ya matuta, wakaenda na kurudi, wakaenda na kurudi, mpaka udongo ukalainika. Minza ndiye aliyepanda ulezi. Mdogo wangu alikaa pembeni akiwaonyesha.

Kwa nini hakukwambia hata hilo? Kwa sababu, Fabiani, mara ngapi umesimama kanisani ukasema kazi ya matuta ni ya mikono yetu, na anayewaingizia ng'ombe ni mvivu anayemdharau bibi yake aliyemfundisha? Mimi mwenyewe nimekusikia nikiwa mgeni hapo. Aliogopa utaona aibu. Akawaomba Minza na Masanja wanyamaze. Nilimwuliza kupitia Clemens, je, Fabiani hakukasirika kuona shamba? Akajibu kwamba umekasirika, na umekwenda kumfokea Masanja, na Masanja amekubali kuwa mkosaji. Akasema, "Mwache akasirike. Hasira ya Fabiani naiweza, hofu yake siiwezi."

Hayo nimekaa nayo. Alipokufa nilikaa mbele pale msibani, watu wananipa pole, na mimi nikijua kwamba ningesema neno moja mwezi wa kumi labda angekuwa hai. Halafu Clemens akaja na hotuba yako. Umenipa muuaji, shemeji. Mwenye ng'ombe, mtu wa mbali, si ndugu wa mtu hapa. Nilikuwa nimechoka kujiona muuaji ni mimi. Nilijua si kweli na nikaimeza hivyo hivyo, kama mgonjwa anayemeza dawa ya mwenzake. Unajiona wewe ni mchafu. Mimi nilipiga magoti nikiwa huku huku Kasanga.

Matai sitakuja. Sema utakavyosema. Ila kama utasema ya ng'ombe, jina langu usilitaje. Mama yetu bado yu hai na anasikia kila kitu. Najua naomba nini. Naomba hivyo hivyo.

Stefania


Namwisi,
2 Septemba 1994

Dada Stefania, shikamoo.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilitaka mambo yaishe kwanza.

Kwanza hili: jina lako halikutajwa, wala halitatajwa. Na nisikufiche, barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Sikukasirika na wewe. Nilijiona kanisani nikisema yale ya mvivu na bibi yake, na yeye benchi la pili, miguu imevimba ndani ya viatu. Sikumbuki kama siku hiyo alifunika mdomo. Nimejaribu kukumbuka, sikumbuki. Ulinyamaza kwa sababu ulimwahidi. Mimi ndiye niliyefanya ahadi hiyo iwe ya lazima.

Tarehe 20 tulikuwa watu kama mia mbili. Beda alinitambulisha. Akasema, "Sauti hii wengi mmesikia habari zake." Jembe alikuwa amelileta yeye, la kwake, limesuguliwa. Sikulishika.

Nilisimama nikasema, "Ndugu zangu, nilidanganya."

Ukumbi ulinyamaza wote. Na katika ukimya ule nilijisikia, dada. Nilikuwa nimelisema neno lile kwa sauti ile ile ya Ijumaa Kuu. Nilikuwa nimelishusha mwishoni. Mwanamke wa mbele, nisiyemjua, alikuwa tayari anatafuta leso. Hata kukiri kwangu kulikuwa kumeanza kuwapendeza, na ndani yangu yule mtu wa mikaratusi alikuwa anasema, "Vizuri, sasa ngoja kidogo." Nikashika meza. Nilielewa kwamba nikiendelea nitawaliza tena, na watarudi nyumbani wakimpenda katekista anayetubu vizuri, na Masanja atakuwa amesahauliwa hapo hapo.

Nikamgeukia Katibu Tarafa. Nikasema, "Mzee, naomba uniulize maswali, mimi nijibu tu."

Alinitazama kama mtu anayetazama mlevi. Lakini akauliza.

"Ng'ombe waliingia shambani kwako?"

"Ndiyo."

"Waliingiaje?"

"Marehemu mke wangu aliomba waletwe. Alikuwa mgonjwa hawezi kulima."

"Ulijua ni mgonjwa?"

"Wakati ule sikujua. Nilipohutubia kijiji nilijua."

"Nani alimpeleka hapa Matai?"

"Masanja."

"Habari ya kuombwa ng'ombe umeipata kwa nani?"

"Kwa mtu anayejua. Simtaji."

Hapo mmoja akapiga kelele nyuma, "Amepewa ndama huyo!" Watu wakacheka. Beda akasimama akasema majonzi yamenichanganya, nisamehewe. Mwingine akasema waniondoe, muda unapotea. Hakuna aliyelia. Yule mwanamke alirudisha leso yake kifuani. Ilikuwa hotuba mbaya kuliko zote nilizowahi kutoa, haina kichwa wala mkia, na nilitamani iishe kama mtu anayeng'olewa jino.

Katibu Tarafa alifunga faili. Akasema shauri hili linarudi kijijini, mkutano uitwe upya, na mpaka hapo Masanja asiguswe. Basi. Tulirudi kwa miguu, na wenzangu walitembea mbele yangu.

Bibi Leonia tu ndiye aliyenisubiri njiani. Akasema, "Fabiani, magoti yangu mimi nilimpigia nani siku ile?" Kisha akasema, "Mwezi huu usisome kanisani." Sijasoma. Anasoma mwingine, anakosea majina ya miji yote, na watu wanamsikiliza vizuri tu.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa Masanja kumpa habari njema. Nilikimbia sehemu ya njia, mtu wa umri wangu. Nikakuta wanapakia mkokoteni.

Nikasema, "Mmesikia? Hamguswi. Fungueni mizigo."

"Nimesikia," Masanja akasema. "Umefanya vizuri, mwalimu. Nakushukuru."

"Basi kaeni."

Alikuwa anakaza kamba. Alikaza mpaka mwisho kabla ya kujibu. "Maneno yako yalikuwa ya mtu mmoja, na mtu mmoja anaweza kuyarudisha, kama ulivyoyarudisha. Lakini mimi nilikaa kwenye uzio, nikaangalia mikono. Mikono ya watu niliowabebea mahindi, niliowazikia watoto. Yote ilikuwa juu inapiga makofi. Hayo makofi nani atayarudisha? Utawaita mmoja mmoja?"

Nilisema wataitwa kwenye mkutano mpya. Nilisema nitasimama mimi mwenyewe.

"Hapana," Minza akasema kutoka ndani. "Huyu asisimame tena mahali popote."

Walichukua siku kumi kumaliza. Waliuza mahindi, wakamaliza kuaga majirani waliokubali kuagwa. Juzi asubuhi waliondoka kushuka bonde la Rukwa, kwa ndugu zake. Nilikwenda kuwasindikiza. Nimevaa koti lile la kahawia, sijui kwa nini. Nilikuwa nimefikiria njiani cha kuwaambia, kitu kifupi, si cha kuliza mtu. Nilipofika nikafungua mdomo.

"Mwalimu," Minza akasema, "usianze. Kuna ndama pale amezaliwa jana, hawezi kutembea na wenzake. Mbebe."

Nikambeba. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, ana mifupa kila mahali, na kabla hatujavuka mto alikuwa amenikojolea koti lote mpaka shati. Nilimbeba mpaka ukingoni, njia inapoanza kushuka. Hapo nikamkabidhi Minza, na yale niliyokuwa nimeyafikiria nikarudi nayo nyumbani.

Shemeji yako,
Fabiani